Shaba ya Pampu

Pikipiki ilikuwa imelazwa ubavu juu ya gunia katikati ya uwanja, na wanaume watatu wameichuchumalia kama watu wanaochuna ng'ombe. Gurudumu la nyuma lilikwisha kutolewa. Bartholomeo, mwenye nyumba, alishika uma wa nyuma, yaani ile mikono miwili ya chuma inayobeba gurudumu, akautikisa. Ukacheza kushoto na kulia.

"Umeona, Baba?" alisema mwanawe Cornel. "Unatakiwa kupanda na kushuka tu. Huu unakwenda na pembeni. Nikikimbia, gurudumu linatikisika kama mkia wa mbwa."

"Naona. Mimi si kipofu."

Wa tatu alikuwa Kalisti, mkereza vyuma katika karakana ya mgodi hapo Geita. Alitia kidole kwenye tundu ambamo uma unaungana na kiunzi cha pikipiki, akatoa vipande viwili vya shaba vilivyolika mpaka vikawa vyembamba kama ganda la yai.

"Bushi zimekwisha," alisema. "Pini bado nzima, nayo mshukuruni Mungu, maana pini ya namna hii hamtaipata hata Mwanza. Chombo chenyewe ni cha kabla ya vita."

Ilikuwa Jumanne, mwaka 1955. Cornel alikuwa ameinunua pikipiki ile kwa mpima ardhi wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, na ng'ombe watatu wa baba yake walikwenda humo. Hospitali ilitaka kijana mwenye pikipiki wa kupeleka dawa za malale kwenye vituo vya huko Runzewe, ambako mbung'o wamejaa porini. Kazi ilianza Jumatatu. Asingefika Jumatatu, kulikuwa na mtu wa Tinde aliyekuwa anangoja nafasi hiyo hiyo.

"Mpingo je?" Bartholomeo aliuliza. "Mkokoteni wa misheni unazungukia mpingo, mwaka wa kumi huu."

"Mkokoteni unakwenda mwendo wa ng'ombe, mzee. Na mpingo ule ulikaushwa miaka. Wewe una siku tano."

"Bangili za Mama," Cornel alisema. "Tuziyeyushe."

"Bangili zangu ziacheni," sauti ilitoka jikoni. Wakacheka.

"Shaba ya bangili ni laini mno," Kalisti alisema. "Itasambaa kama ugali."

"Basi chuma." Bartholomeo alisimama, akafuta mikono kwenye mapaja. Yeye alikuwa Mrongo, wa watu waliofua majembe ya nchi yote ya Buzinza kabla majembe ya meli hayajaja. "Ninalo jembe la mkono wa baba yangu. Nitakata bapa lake, nilikunje pete mbili, nizichovye zikiwa nyekundu. Tupa haitazing'ata."

"Ndio ubaya wake huo. Chuma juu ya chuma vinagombana. Hapa lazima kimoja kikubali kuliwa. Ukiweka bushi ngumu italiwa pini, na pini ikiliwa inakatika. Inatakiwa bushi ndiyo iwe mnyonge."

"Nimefua chuma tangu sijaota ndevu, leo mtoto wa karakana ananiambia nitafute chuma kinyonge."

"Sikusema chuma, mzee wangu. Nimesema shaba, ile iliyochanganywa na bati. Iko pampu mbovu ya maji imetupwa nyuma ya karakana ya mgodi, bushi yake nene kabisa. Nitamwomba mkubwa wangu. Akikubali nitaikereza huko huko, mje muingize tu."

Bartholomeo alilitazama tundu lile muda mrefu, halafu akasema haya, omba.

Jikoni, Paskalia, mama yake Cornel, hakusikia habari za ulaini wala ugumu. Alisikia neno mgodi. Mwaka uliotangulia jirani yao Gregory alikutwa langoni na kitu amekifunga kwenye mshipi, akapata kifungo cha miezi kumi na sita. Mkewe alipokuja kuomba chumvi, watu walisema chumvi imekwisha. Paskalia naye alisema imekwisha. Alikuwa amezaa watoto watano na amebakiwa na huyu mmoja, na kila alipomtazama alikuwa kama mtu anayevuka mto amebeba moto.

*

Shaba ililetwa Alhamisi mchana. Aliyeileta ni Zipora, mjane aliyeuza viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando langoni pa mgodi. Watu walimwita Mama Esta.

"Mwadila, mayu," alisalimu Kisukuma, akiwa bado na kapu kichwani.

"Mwadila. Karibu."

"Sikai, nimeacha mihogo jikoni. Kalisti kasema nimpe mzee huu mzigo mkononi. Yuko wapi?"

"Kaenda kutafuta mkaa."

"Basi wewe na yeye ni mmoja." Akamwekea kifurushi cha kitambaa juu ya choroko alizokuwa anachambua, akaenda zake.

Paskalia alikifungua. Pete mbili nene, za njano, zimetoka kukerezwa zinameta kama zimepakwa samli. Zilikuwa nzito kuliko ukubwa wake. Zilizungushiwa karatasi yenye maandishi na muhuri wa buluu.

Sala zote Paskalia alizijua kwa moyo, lakini kusoma hakufundishwa. Muhuri aliujua. Ulikuwa wa duara, na nyundo mbili katikati, kama ule uliokuwa kwenye karatasi aliyosomewa Gregory barazani. Kwake karatasi ilisema jambo moja tu: hii ni mali ya mgodi. Aliona askari akimsimamisha Cornel njiani. Aliona pikipiki inafunguliwa, pete zinachomolewa, mwanawe anapandishwa gari.

Nyuma ya mihogo yao palikuwa na shimo la watu waliokuja zamani kutafuta dhahabu wakakosa, na tangu mvua za masika lilijaa maji mpaka hakuna aliyejua kina chake. Alikwenda hapo amekumbatia kifurushi ndani ya kanga. Akatupa pete ya kwanza, akatupa ya pili, akaifunga karatasi kwenye jiwe kwa kile kitambaa, ikafuata.

Na ukweli usemwe wote. Alipokuwa anarudi alijisikia mwepesi, wala si kwa sababu ya askari tu. Bila shaba hakuna safari. Mtu wa Tinde angechukua kazi, na Cornel angelima pamba hapa hapa, mahali ambapo mama akisimama mlangoni anaona kofia yake. Mama gani hajawahi kutamani hivyo? Tatizo halikuwa kutamani.

*

Ijumaa jioni Kalisti alipita akitoka kazini.

"Zimeingia sawasawa?"

"Nini?" Bartholomeo aliuliza.

"Bushi, mzee. Nilimpa Mama Esta jana. Na kibali cha karani nikakizungushia humo humo, ili mtu akikukuta nazo usisumbuliwe."

Paskalia alikuwa anapakua ugali. Mwiko ulisimama. Hapo ndipo angesema, nao wangemcheka wiki moja, wangeleta kamba na ndoo, pengine wangepata na pengine wasipate. Badala yake aliwaza namna mumewe atakavyomtazama mbele ya Kalisti.

"Hakuna kitu kilicholetwa," alisema.

Zipora aliitwa. Alikuja na mikono ina unga, na majirani wawili watatu wakasogea ugoni.

"Nilimpa Mama Cornel," alisema. "Alikuwa amekaa pale pale, anachambua choroko."

"Mama Cornel?" Bartholomeo aligeuka.

"Labda kaota."

"Nimeota mchana, mayu? Nitazame basi."

Paskalia aliinamia sufuria, akasugua ukoko uliokwisha kutoka.

Bartholomeo alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Mama Esta," alisema, "shaba ina wateja. Wafua bangili wanaitafuta. Lakini ukiwa na shida ungesema tu. Tungekupa unga."

"Unga," Zipora alisema.

"Sikukutukana."

"Nimesikia. Unga." Alifungua fundo la kanga yake akalikung'uta mbele yao. Halikuwa na kitu. "Haya, kagueni. Twendeni mkakague na nyumbani, mfunue na chungu."

"Kameza huyo," mtu alisema ugoni. "Mngojeeni kesho asubuhi."

Wakacheka wote isipokuwa Cornel. Zipora aliwatazama mmoja mmoja kama anayehesabu kuku wa mtu mwingine, akaondoka.

Kalisti alikuna kichwa. "Shaba si neno. Kibali ndicho kibaya. Aliyenacho anaweza kupitisha nyingine langoni kwa jina langu. Sina budi kuripoti."

"Na Mama Esta?" Cornel aliuliza.

"Watamwondoa pale langoni. Hawaulizi mara mbili."

"Lakini Kalisti, huoni kama—"

"Mimi nina kazi moja na watoto sita, ndugu yangu. Na shaba nyingine siombi."

Bartholomeo akasema, kama aliyekuwa akilingojea neno hilo tangu Jumanne, "Basi chuma."

*

Miongoni mwa Warongo, viriba vya ngozi vikianza kupuliza moto, mke wa mhunzi hasogei kwenye moto wala hasemi kitu na mumewe mpaka chuma kipoe. Chakula huwekwa mbali, mtu anakuja kukichukua mwenyewe. Desturi hiyo Paskalia aliishika ndoa nzima kwa kunung'unika. Jumamosi ile ilimfaa. Aliweka bakuli penye ugo, akarudi haraka.

Kwa mbali alisikia nyundo, na mumewe anaimba. Ilikuwa imepita miaka kumi bila kumsikia akiimba. Tangu majembe ya dukani yashuke bei, mtoto wa wafua majembe alikuwa anaziba ndoo matundu na kunyoosha baiskeli, na wateja wenyewe walimwambia fanya upesi. Leo mwanawe mwenyewe ndiye anayevuta viriba, anamwuliza hivi, Baba? hivi?

Pete zilitoka nyeusi zenye wingu la buluu. Tupa iliteleza juu yake bila kuacha alama. Walizipaka mafuta ya ng'ombe, wakazigonga ndani ya tundu, wakapitisha pini. Cornel alizunguka uwanja mara tatu. Gurudumu halikutikisika hata kidogo, na wanawake wa jirani wakapiga vigelegele.

Jumapili baada ya misa Kalisti alikuja kutazama. Aliukandamiza uma kwa mguu, akasikiliza.

"Leo umetulia," alisema. "Ngoja uingiwe na vumbi."

"Wivu," Bartholomeo alisema huku akicheka.

"Sawa, mzee. Lakini Cornel, ikianza kulia usiendelee. Simama."

*

Jumatatu alfajiri Bartholomeo alikuwa ananawa uso nyuma ya nyumba. Paskalia alimjia na kibuyu cha maji, akakishika tu, hakumimina.

"Baba Cornel. Shaba ilifika."

Alikuwa amekinga viganja. Akabaki amevikinga.

"Ilifika wapi?"

"Kwangu. Nimeitupa shimoni, kule kwenye maji. Ilikuwa na muhuri. Nikajua ni mambo ya Gregory."

Bartholomeo alishusha mikono polepole. Upande wa pili wa nyumba Cornel alikuwa anafunga sanduku la kubebea dawa, anapiga mluzi.

"Mwambie asiende," Paskalia alisema. "Wewe atakusikia."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba shaba ilikuwepo. Angoje, tuitafute."

"Nimwambie kwamba mke wangu amemsingizia mjane? Kwamba mimi nimemwambia mtu asiyeiba tungekupa unga, mbele ya nusu ya mtaa? Wakati huo mtu wa Tinde anapakia dawa?"

"Kalisti alisema chuma—"

"Kalisti." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Chuma changu kina kosa gani? Umekiona na kosa?"

"Mimi sijui vyuma."

"Hujui. Basi aende, arudi. Akirudi Alhamisi nitakwenda mwenyewe kwa Mama Esta, nikiwa na mbuzi. Mpaka hapo ufunge mdomo."

Wakazunguka nyumba, mume mbele. Cornel alikuwa amekwisha kukaa kwenye pikipiki, amejifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi.

"Shikamoo, Mama. Nakwenda."

"Marahaba, mwanangu," Paskalia alisema. Mumewe alikuwa amesimama karibu naye, bega kwa bega. "Nenda polepole."

*

Walimleta Jumatano katika lori la pamba.

Ilitokea Jumatatu yenyewe alasiri, alipobakisha mwendo mfupi kufika Runzewe, kwenye mteremko wa kijito. Pini ilikatika. Uma ukachomoka upande mmoja, gurudumu likalala, na pikipiki ikamwangukia mguuni, bomba la moshi likiwa la moto. Alilala chini yake hadi Jumanne mchana, walina asali walipomwona. Chupa zote za dawa zilivunjika. Hospitalini daktari alimkata mguu wa kulia juu ya goti, na kazi akapewa mtu wa Tinde.

Kalisti ndiye aliyeikusanya pikipiki. Alileta vipande viwili vya pini, akaviweka mbele ya Bartholomeo juu ya mkeka. Pale zilipokaa pete za chuma, pini ilikuwa imeliwa mpaka ikawa na kiuno. Pete zenyewe hazikuwa na hata mkwaruzo.

"Umefua vizuri, mzee," Kalisti alisema. Hakuwa anakejeli.

Siku ya nne Cornel alipata nguvu ya kusema. Wazazi wake walikaa kando ya kitanda, mama sakafuni, baba juu ya debe. Blanketi lilikuwa limeinuka upande mmoja, na upande mwingine limelala.

"Ilianza kulia saa nne asubuhi," Cornel alisema. "Kama mlango. Nikasimama, nikagusa, inaunguza. Nikataka kurudi."

"Kwa nini hukurudi, baba?" Paskalia alimwuliza.

"Watu walipiga vigelegele. Ningerudi mchana kweupe nasukuma pikipiki, waseme kazi ya mzee haikufika hata nusu ya safari." Alilamba midomo. "Nikaimwagia maji yangu ya kunywa. Ikanyamaza kidogo. Nikaendelea."

Bartholomeo aliinama, viwiko kwenye magoti. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza ukutani ili asionekane anasikiliza.

"Cornel," Paskalia alisema. "Mama Esta hakuiba. Aliniletea shaba, nikaitupa mimi. Niliogopa watakufunga."

Cornel alimtazama.

"Na mimi nilijua," Bartholomeo alisema. "Asubuhi ile. Ulikuwa hujawasha."

Muuguzi alipita na beseni, akarudi bila beseni. Cornel alikuwa ameshika ukingo wa blanketi, anaukunja, anaukunjua.

"Mama Esta mmemwambia?"

"Bado."

"Tangu Jumatatu?"

"Tulikuwa tunangoja urudi," baba yake alisema.

"Nimerudi."

Baba yake alijiinua kidogo juu ya debe, akakaa tena.

"Nendeni kwake," Cornel alisema. "Mtanikuta. Mimi sina safari."

*

Nyumba ya Zipora ilikuwa ya chumba kimoja, mwisho wa njia ya kwenda kisimani. Kapu lake la viazi lilikuwa limegeuzwa juu chini juu ya paa, kavu. Bartholomeo alipiga hodi. Ndani walisikia mtu ananong'ona, na sauti ya mtoto ikanyamazishwa. Akapiga ya pili. Ya tatu alivua kofia kwanza.

"Hodi, Mama Esta. Ni sisi."

Hodi ya tatu isipojibiwa mtu huenda zake, na Bartholomeo alikwisha kugeuka. Paskalia hakugeuka. Aliketi chini mbele ya mlango, akasema kwa sauti kubwa iliyowatoa watu kwenye nyumba za jirani:

"Mama Esta, kile kifurushi ulinipa mkononi. Ulinipa mimi. Nilikitupa, halafu nikasema hukunipa."

Wanawake waliotoka kisimani walisimama na ndoo vichwani. Bartholomeo alisimama katikati yao na kofia mkononi, anautazama mlango.

"Hayo mimi nayajua," Zipora alijibu kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayeongea huku anafanya kazi nyingine. "Na hawa wa hapa hawakunifukuza popote. Kaseme langoni. Mwambie askari, mwambie na karani, pale pale nilipokuwa naweka kapu langu."

Mlango haukufunguliwa.

Paskalia alikaa kidogo. Halafu akajishika ukutani, akasimama, akakung'uta vumbi na kukaza kanga kiunoni. Alipita mbele ya mumewe bila kumngoja, akashika njia ya mgodini. Ilikuwa saa tisa. Zamu ilikuwa inatoka, na langoni watu wangekuwa wengi.